Kukatwa na kuchangishwa

Karatasi yangu ya mshahara hapa Ujerumani ina mstari wa kodi ya mshikamano, na mbele yake sifuri. Kodi hiyo ilianza 1991, na tangu 2021 wengi wetu hatuilipi tena. Mshikamano wenyewe uko mstari mwingine, wa bima ya afya: asilimia 14.6 ya mshahara, nusu yangu, nusu ya mwajiri, na nyongeza ya mfuko wa bima juu yake. Mwenye mshahara mnono hukatwa zaidi, mpaka kikomo. Mgonjwa na mzima hukatwa kwa kiwango kile kile. Mwezi wa kwanza nilinung'unika. Hawa ninaowatibia ni kina nani?

Kisha nikalazwa siku nne. Sikumpigia mtu simu ya kuomba. Nyumbani ningefunguliwa kikundi cha mchango: jina na kiasi, jina na kiasi, na wote tunajua nani hajatoa.

Wenzangu husema huku hakuna utu. Mimi nasema mchango wa hiari una macho, humtazama mtu kwanza. Aliyegombana na ndugu zake atachangiwa na nani?

Sheria zetu zina maneno matamu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, ibara ya 29, unamtaka kila mtu awatunze wazazi wake wakiwa na shida na aimarishe mshikamano wa jamii. Naupenda, ila mzigo umetuliwa kichwani mwa mtoto. Hapa, tangu 2020, serikali haimdai mtoto gharama za kumtunza mzazi wake mpaka kipato chake kizidi euro 100,000 kwa mwaka. Nilipomsimulia mama kwa simu alicheka, halafu akanyamaza.

Ila mshikamano ukivuka mpaka wa nchi, huku nako hamna kitu. Mkataba wa wakimbizi wa 1969 wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, unasema nchi ikielemewa, nyingine zimpunguzie mzigo mwenzao kwa moyo wa mshikamano wa Afrika, kiwango haukuweka. Ulaya walijaribu kuweka: mwaka 2015 wakaamua kugawana waomba hifadhi 120,000 waliokuwa Italia na Ugiriki. Hungaria na Slovakia wakaenda mahakamani, wakashindwa 2017, na Hungaria haikupokea hata mmoja. Kikundi cha mchango kabisa: jina, na mbele yake sifuri.