Uwezo wa kumpiga tuliutoa wapi?

"Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Maneno haya ya Mwalimu Nyerere anayajua hata Mtanzania aliyezaliwa miaka ishirini baada ya vita. Yalisemwa Novemba 2, 1978, siku chache tu baada ya jeshi la Idi Amin kuvuka mpaka na kuingia Kagera, na siku moja baada ya Redio Uganda kutangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda.

Kati ya maneno matatu yale, mawili hayana ubishi. Sababu ilikuwa wazi: nyumba zilizochomwa, ng'ombe walioswagwa kuvuka mpaka, raia waliouawa. Nia nayo ilionekana kwa jinsi vijana walivyojitokeza kuandikishwa. Lililobaki ndilo lenye maswali. Uwezo tuliutoa wapi? Kifaru hakikutengenezwa Morogoro, na mzinga haukuyeyushwa Tanga. Upande wa pili, Nduli Amin naye risasi zake hazikutoka Jinja. Nchi mbili maskini zilipigana kwa zana za watu wengine, na mmoja wa watu hao, Muammar Gaddafi wa Libya, akaamua kuja kupigana mwenyewe.

Ndiyo maana mjadala wa vita vya Kagera haumaliziki. Wapo wanaosema tulishinda peke yetu, huku dunia ikitutazama. Wapo wanaosema Amin alikwisha siku wafadhili wake walipomtupa, na kwamba JWTZ, jeshi la Tanzania, lilikwenda tu kuokota embe lililokwishaiva. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha kweli, ingawa si vipande vyenye uzito sawa.

Tuanze na hawa wa pili, kwa sababu hoja yao kwetu hupuuzwa haraka mno.

Amin aliingia madarakani mwaka 1971 jeshi lake likiwa limefundishwa na Waisraeli. Mwaka uliofuata aliwafukuza, akamkumbatia Gaddafi, kisha akawa mteja mkubwa wa Urusi ya Kisovieti. Kutoka huko alipata vifaru vya T-55 na ndege za MiG. Kwa makaratasi, jeshi lake la anga lilikuwa tishio Afrika Mashariki nzima, hata baada ya makomando wa Israel kumteketezea MiG kadhaa pale Entebbe Julai 1976. Lakini ndege ya kuletewa inahitaji vipuri vya kuletewa na mafundi wa kuletewa. Vita vilipoanza, Urusi ilisimamisha shehena na kuwaondoa washauri wake. Mwezi ule ule wa Oktoba 1978 alipovamia Kagera, Marekani nayo ilikuwa imepiga marufuku biashara na Uganda, ikiwemo kahawa, zao lililokuwa likiiletea nchi ile karibu fedha zake zote za kigeni. Na mafuta ya Uganda, kila tone, yalipitia Mombasa. Nairobi haikuegemea upande wowote waziwazi. Moi alikuwa ndiyo kwanza ameshika urais. Lakini Kampala haikuwa imesahau mwaka 1976, Kenya ilipokaza bomba na magari ya Uganda yakalala barabarani.

Ukiyaweka yote haya pamoja, unamwona mtu aliyefungiwa milango mmoja baada ya mwingine. Ni hoja nzito. Nami nakiri kwamba kile kilichoacha kumfikia Amin kiliumiza zaidi kuliko chochote kilichotufikia sisi.

Kwani sisi tulifikiwa na nini hasa? Msumbiji ya Samora Machel ilileta kikosi cha askari wapatao 800, na kwa nchi iliyokuwa yenyewe ikishambuliwa kutoka Rhodesia hilo halikuwa jambo dogo. Algeria, Angola na Ethiopia zilileta silaha. Zana nyingi nyingine tulikuwa nazo kabla ya vita, hasa za Kichina: vifaru vya Type 59, ambavyo ni wajukuu wa T-54 ya Kirusi. Tulikuwa pia na mizinga ya roketi ya masafa marefu ambayo Waganda waliipachika jina la "saba saba". Kwa hiyo anayesema tulipigana peke yetu anasahau kwamba kuanzia maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, mwaka 1964 hadi 1978, jeshi jipya lilijengwa kwa mikono ya Wachina, na kwa muda hata Wakanada. Uwezo ule aliousema Mwalimu ulikuwa umechukua miaka 14 kukusanywa. Haukushuka wiki ile kwa ndege.

Hapo ndipo hoja ya wafadhili inapoanza kuvuja, kwa maana Amin hakuachwa na wote. Gaddafi alimwagia msaada ambao hakuna rafiki wa Tanzania aliyeukaribia. Ndege za mizigo zilitua Entebbe zikishusha vifaru, mizinga ya roketi na askari. Makadirio ya Walibya walioletwa kwa jumla huanzia 2,500 kwenda juu. Wapiganaji wa Kipalestina nao walikuwapo. Kama vita vingekuwa hesabu ya shehena tu, Februari na Machi 1979 zingekuwa za Amin.

Mtihani ulifanyika Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mahali barabara inapokatiza kinamasi kirefu. Machi 10 brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo waliotoka kuandikishwa juzi tu, ilipigwa na roketi za Walibya. Nyingi zilipita juu ya vichwa vyao, lakini kishindo kilitosha. Safu zikavunjika, watu wakakimbia. Usiku ule njia ya kurudi Masaka ilikuwa karibu wazi, na anayetaka kusema silaha za kigeni nusura zibadilishe vita ana ushahidi wake hapo, wala sitamnyang'anya.

Lakini Walibya hawakusonga. Walikaa Lukaya. Kesho yake brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka mbali kwa miguu, ikawatokea ubavuni huku 201 iliyojikusanya upya ikiwapiga kutoka mbele. Walibya wapatao 200 walikufa. Na nyuma yao, badala ya kuona jeshi la Uganda likija kuwasaidia, kulikuwa na malori ya jeshi hilo yakielekea upande wa pili yakiwa yamesheheni mali za kuporwa. Waliokuja kumsaidia mwenye nyumba wakajikuta wao ndio ukuta wa mbele, na mwenyewe anahamisha makochi.

Sababu ya hali ile haikutokea Tripoli wala Moscow. Jeshi la Amin lilikuwa limeoza kabla ya vita. Vikosi vya Simba cha Mbarara na Suicide cha Masaka vilikuwa na majina ya kutisha, lakini kambini kulikuwa na uasi, makabila yakitazamana kwa jicho la kisu. Makamu wake wa rais, Mustafa Adrisi, aliumia katika ajali ya gari mwaka 1978 ambayo watu wake waliiona si ajali. Wapo wanaosema uvamizi wa Kagera wenyewe ulikuwa njia ya kuwatoa askari kambini kabla hawajamgeukia. Jeshi la namna hiyo ukiliongezea vifaru, unaliongezea vya kuacha njiani. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haistiri makalio.

Msaada unahitaji chombo cha kuupokea. Urusi ya Stalin ilipokea kutoka Marekani malori na jipu zaidi ya 400,000 katika vita vya pili vya dunia, nayo yakaliongezea miguu jeshi ambalo tayari lilikuwa linapigana kwa vifaru vya kujitengenezea. Vietnam ya Kusini ilijazwa silaha za Kimarekani hadi pomoni na ikaanguka Aprili 1975. Jeshi la Kabul likafuata njia ile ile Agosti 2021. Mtoaji ni yule yule katika visa vyote vitatu. Kilichobadilika ni mpokeaji.

Kwa Tanzania chombo kilikuwapo, japo kilikuwa na matundu. Jeshi lenye watu wapatao 40,000 lilipanuka hadi zaidi ya 150,000, kati yao mgambo wapatao 40,000. Mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa. Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani ni zaidi ya kilomita elfu moja, mvua za vuli zinanyesha, daraja la Kyaka limekwisha kulipuliwa na Waganda. Ilibidi reli ipeleke watu na vitu Mwanza, ziwa livukwe hadi Bukoba, kisha daraja la muda litandazwe juu ya Mto Kagera kabla ya Novemba kwisha. Hakuna rafiki wa nje aliyeifanya kazi hiyo. Ukiniuliza vita tulivishindia wapi, nitataja bandari ya Mwanza kabla sijataja Lukaya.

Gaddafi alijaribu pia kutisha. Mwishoni mwa Machi aliipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda, kisha Machi 29 ndege yake ya Tu-22 ikaja kupiga bohari la mafuta la Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi. Tanzania ikajibu kwa kupiga mabohari ya mafuta ndani ya Uganda. Ndege ile ilikuwa miongoni mwa za hali ya juu kabisa barani, na ilichovuna ni swala.

Entebbe ilianguka Aprili 7, na zaidi ya Walibya 300 wakafia hapo. Nyerere akaamuru barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja iachwe wazi ili waliobaki waondoke. Makamanda wengine wangependa kuwafungia ndani na kuwamaliza. Mwalimu hakutaka kumwaibisha Gaddafi mpaka akose pa kurudi, wala kuugeuza ugomvi wa Amin kuwa ugomvi na nchi za Kiarabu. Kwangu mimi, uamuzi ule ulikuwa na thamani kuliko shehena yoyote: kujua namna ya kumwondoa mshirika wa adui yako bila kumlazimisha apigane hadi tone la mwisho. Kampala ikatekwa Aprili 11.

Wale wa "tulishinda peke yetu" wana kweli yao chungu, nayo iko kwenye bili. Vita viligharimu Tanzania takriban dola milioni 500, na hakuna aliyechangia kiasi cha maana. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekataa kumlaani Amin kwa uvamizi. Ulipokutana Monrovia Julai 1979, waliosemwa tulikuwa sisi, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakiwa mbele. Mwaka huo huo bei ya mafuta ilipaa baada ya mapinduzi ya Iran, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imevunjika tangu 1977. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Wanaokumbuka foleni za sabuni na sukari wanajua miezi ile ilivyorefuka. Serikali ilipogonga mlango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, masharti yakawa magumu, na Edwin Mtei akajiuzulu uwaziri wa fedha Desemba 1979 kwa sababu ya mvutano huo. Mshirika asiyetoa silaha hakudai chochote baada ya vita, lakini pia hakuna aliyekuwa na deni la shukrani la kutulipa.

Washirika waliotudai walikuwa wengine: Waganda wenyewe, wakimbizi waliompinga Amin. Bila wakimbizi wale, vita vya kuingia Kampala vingeonekana ni uvamizi mtupu. Mkutano wa Moshi wa Machi 24 hadi 26, 1979 uliwapa sura ya serikali, na Yusuf Lule akawekwa mbele. Vita vikapata uhalali. Lakini chini ya mwavuli ule kulikuwa na majeshi mawili yasiyoaminiana, Kikosi Maalum cha watu wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na FRONASA ya Yoweri Museveni, kila moja likiandikisha vijana njiani kadiri JWTZ lilivyosonga. Lule alidumu siku 68. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, na miezi miwili baadaye Museveni akaingia msituni. Tulichagua washirika wa kushinda nao vita bila kuuliza kama wanaweza kukaa chumba kimoja.

Huko msituni Museveni alitafuta silaha, na miongoni mwa waliompa alikuwa Gaddafi, yule yule ambaye askari wake walipigwa Lukaya na jeshi ambalo Museveni alivuka nalo mpaka. Mwaka 2008, juu ya kilima cha Old Kampala, ulifunguliwa rasmi msikiti mkubwa ambao Amin aliuanza na Libya ikaumalizia. Gaddafi alikuja kuufungua, Museveni akiwa mwenyeji wake. Miaka miwili baadaye Dodoma nayo ikapata msikiti wake wa Gaddafi.