Droo ya haja ndogo

Wakuu, raundi ya mwisho ya mashindano ya chess nikapangiwa kete nyeusi na mpinzani mwenyewe dogo wa miaka minane hivi, miguu haifiki chini, kiti wamemwekea mto. Nikajisemea huyu namlaza mapema. Akafungua e4 (herufi na namba ndo jina la kisanduku ubaoni), nikajibu e5, akatoa farasi f3 kisha akaleta askofu b5, nami nikamwekea Berlin, ulinzi wa kete nyeusi, ile ile Kramnik aliyombania nayo bingwa Kasparov kule London mwaka 2000 mpaka jamaa akamaliza gemu 15 bila kushinda hata moja, ubingwa wa dunia ukaenda. Ukuta ule, dogo aje agonge kichwa.

Kumbe kakariri bana. Tukalana fasta, farasi wangu wote wawili kwisha, muvu ya 11 malkia wake e4, cheki, yaani anamtishia mfalme wangu. Nakinga na malkia e6, anarudi d4, narudi d6, anakuja tena e4 cheki. Wanaoijua wanaijua, ndo droo yenyewe ya Berlin, hata mababe wa dunia wakiwa hawana hamu ya kupigana wanaipiga hiyo wakapumzike.

Ila namwona dogo miguu inacheza chini ya meza, anauma mdomo, jasho hilo. Nikasema aaah, kashaingia baridi huyu, cheki inayofuata malkia simpeleki tena e6, nakinga na askofu tuzichape. Nikaweka malkia d6, nikabonyeza saa, nikamkazia macho.

Dogo akasimamisha saa, akanyoosha mkono. Refa huyo mbio, dogo hajafungua mdomo keshachukua karatasi zetu zote mbili, "mkao umejirudia mara tatu na zamu ni yako, unadai droo, sawa kabisa." Akaanza kuipitia mechi muvu moja moja, taratiiibu, dogo kakunja miguu kama mkasi anarukaruka.

"Refa..."

"Tulia kijana, nahakiki."

Kafika mwisho, kaandika nusu kwa nusu, "droo!" Dogo akapasuka: "MI NILIKUWA NAOMBA CHOO!" akachomoka, mto huko, kiti huko. Na sheria iko upande wake kabisa, ukiwa na zamu hutoki eneo la mchezo bila ruhusa ya refa.

Akarudi mikono inachuruzika maji, akaokota mto, akapanda. "Haya anko, tuendelee."

Kuambiwa mechi imeisha akaangua kilio ukumbi mzima ukageuka, mama yake akaja moja kwa moja hadi mezani, refa hamwoni, ananiuliza mimi: "We baba, umemfanya nini mwanangu?"