Nabonyeza X, Inaitika Y

Ukitaka kujua mtaa mmoja wa Sakina, Arusha, una mafundi wangapi, chomeka pedi ya gemu kwenye kompyuta inayoendeshwa na Linux badala ya Windows, kisha lalamika kwa sauti kwamba vitufe havisikii. Shemeji yangu, ambaye kompyuta huigusa pale tu anapotafuta mahali pa kuegesha kikombe cha chai, alitoa hukumu kabla hajavua viatu: "Shemeji, piga Windows, yaishe." Jirani anayekaanga chipsi akaunga mkono kupitia dirishani. Hakuna aliyeuliza pedi ina nini. Linux ilihukumiwa bila kusikilizwa, na mshukiwa mwenyewe akabaki juu ya meza, taa yake ya kijani ikiwaka kwa adabu.

Kero yenyewe ni hii. Mshambuliaji wangu anabaki yeye na kipa, nabonyeza X apige shuti, naye anatoa pasi ya kupenyeza kuelekea kibendera cha kona, ambako hakuna binadamu. Nikibonyeza Y ili nipenyeze pasi nikiwa katikati ya uwanja, anafumua shuti linalokwenda kwa mashabiki. Kitufe cha B hakifanyi lolote, si jema wala baya.

Niliandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kwenye terminali nione pedi inajitambulisha vipi, ikajibu 045e:028e, yaani pedi halisi ya Xbox 360 kutoka Microsoft. Hii ni pedi ya bei ya chini, iliyonunuliwa karibu na stendi, katika boksi lililoandikwa kwamba haina waya ilhali waya wake unatosha kuanikia nguo. Najua kwa nini inadanganya: ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kuna kipande cha programu kiitwacho xpad kinachoutambua utambulisho huo, kwa hiyo ukijiita hivyo unapokelewa bila maswali. Uongo wa namna hiyo mimi siupingi, maana umenipunguzia kazi.

Kwa kuwa shemeji alikuwa bado anahubiri Windows, nilimwonyesha jstest, programu ya kupima pedi, ikisoma /dev/input/js0, faili ambamo kerneli hutolea habari za pedi. Kila kitufe kina namba, kikibonyezwa neno "off" linageuka "on". A ni 0, ikawaka. X ni 2, ikawaka. B ni 1, ikakaa kimya hata shemeji alipoikandamiza kwa kidole gumba mpaka meza ikalia. Kitufe ambacho kerneli yenyewe haikisikii si jambo la gemu, na mara nyingi tatizo liko ndani ya pedi. Tulipofungua skrubu tulikuta juisi ya ukwaju imekauka juu ya ile raba yenye kidoa cheusi cha kaboni, kile kinachogusa saketi kitufe kinapobonyezwa. Kwa pamba na spiriti B ikafufuka. Windows gani ingefuta ukwaju? Shemeji alisema angalau ingejaribu.

X na Y ndiyo kesi iliyoninyima usingizi. Mtu yeyote wa Arusha mjini anajua kaskazini ni upande wa Mlima Meru. Sasa fungua evtest, kipimo kingine cha vitufe, bonyeza X, kitufe kilichokaa kushoto, yaani magharibi, uone kinavyotangazwa: BTN_NORTH, yaani kitufe cha kaskazini, namba 307. Bonyeza Y, kilichokaa juu kabisa, uambiwe BTN_WEST, cha magharibi, namba 308. Chanzo ni kwamba namba 307 ina majina mawili, BTN_X na BTN_NORTH, na xpad hufuata herufi iliyochapwa kwenye kitufe, wakati gemu nyingine hufuata dira. Kerneli nayo ina kanuni ya kutoziharibia kazi programu zilizokwisha kuandikwa, kwa hiyo sitarajii mtu auhamishe Meru kwa ajili ya mabao yangu.

Dawa ipo, nayo ni mstari mrefu wenye sura ya namba za LUKU zilizorogwa, unaowekwa katika SDL_GAMECONTROLLERCONFIG, mpangilio unaosomwa na SDL, maktaba ya programu ambayo gemu nyingi huitumia kusoma pedi: unaanza na utambulisho wa pedi wenye herufi na tarakimu 32, kisha jina, kisha unaeleza kila kitufe. Nikaandika x:b3,y:b2, yaani X na Y zibadilishane namba, nikafungua gemu, na shuti likawa shuti.

Lakini mstari huo husikilizwa na gemu zinazotumia SDL peke yake. Nina gemu moja ya zamani ya mbio za magari inayosoma js0 moja kwa moja, nayo haijawahi kusikia habari kwamba L2, ile ya kuvuta kwa kidole, katika pedi hizi ni mhimili unaopima umeivuta kiasi gani, si kitufe cha kuwaka na kuzima, na kwamba ukiiacha bila kuigusa inasomeka -32767. Yenyewe inaamini pumziko ni 0. Basi gari langu linaanza kurudi nyuma kabla mbio hazijaanza, huku shemeji akinishangilia, na mbio hizo nimeshaamua kuzicheza kwa kibodi.