Mkutano wa teknolojia na jamii: uje Kigoma au ubaki Dar?

Mikutano mikubwa ya teknolojia na jamii ikihamia nchi mpya, karibu kila mara hufikia jiji kubwa. Jukwaa la Uhuru wa Intaneti Afrika, linaloandaliwa na shirika la CIPESA la Uganda, lilianzia Kampala mwaka 2014. Likaenda Johannesburg 2017, Accra 2018, Addis Ababa 2019 na Lusaka 2022, na lilipoingia Tanzania Septemba 2023 likakaa Dar es Salaam. Jukwaa la Umoja wa Mataifa la Utawala wa Intaneti nalo, lilipokuja Kenya mwaka 2011, lilikuwa Nairobi. Hapa Kigoma wapo watu, wengi wao vijana wa asasi za kiraia, wanaosema mkutano wa namna hii ukija tena Tanzania upite Dar uje mpaka mwisho wa reli. Wapo pia wanaosema hiyo ni ndoto ya mchana. Nimewasikiliza wote, na kila upande naona una hoja ambayo upande wa pili haujaijibu.

Hoja nzito kuliko zote kwa Kigoma ni ya kitambulisho. Tangu Januari 2020, laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, huzimwa. Kwa mtu wa Dodoma hilo ni jambo la kupanga foleni. Kwa mtu wa Kakonko, Kibondo, Kasulu au Buhigwe, wilaya zinazopakana na Burundi, linaweza kuwa jambo la kuthibitisha kwamba yeye ni Mtanzania. Anaulizwa baba alizaliwa wapi, babu alizikwa wapi, nani anamfahamu kijijini. Wabunge wa mkoa huu wameyapeleka malalamiko hayo bungeni mara nyingi. Serikali nayo haikosi la kusema. Mkoa umepokea mawimbi ya wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa zaidi ya nusu karne, kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na Uhamiaji wana wajibu wa kujua nani ni raia na nani si raia.

Sasa nenda kwa wakala wa miamala karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mama anayeuza dagaa anatoa kiswaswadu chake, anataka kutoa hela aliyotumiwa na mteja wa Tabora. Jina linalojitokeza kwenye simu ya wakala ni la mwanaume. Wakala haulizi, anamjua mama huyu. Laini alisajiliwa na shemeji yake. Hela inatoka na maisha yanaendelea. Lakini kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, mauzo yote ya mama huyu ni ya shemeji. Mkopo wa simu, ambao hutolewa kwa kuangalia miamala ya nyuma, anastahili shemeji. Wakikosana, au laini ikipotea na ikabidi kurudishwa kwa alama ya kidole, mama hana pa kushika. Nani alipanga iwe hivi? Hakuna aliyekaa akapanga. Ni mfumo uliotengenezwa mbali na mpaka, ukaletwa mpakani.

Katika mikutano hii kitambulisho cha kidijitali hakikosekani kwenye ratiba. Huwa kuna wataalamu wa sheria, watu wa benki na wawakilishi wa mashirika, wanazungumza vizuri, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 ambayo ni halali yetu kuijadili. Anayekosekana ni yule mama. Wanaotaka mkutano uje Kigoma wanasema, na nakubaliana nao, kwamba ukimsikia yeye na wakala wake wakieleza kwa nusu saa, maswali unayomuuliza mtaalamu wa sheria yanabadilika.

Halafu kuna jiografia. Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa lugha pia tumebarikiwa. Mha wa huku Kigoma na Mrundi wanaelewana kila mmoja akisema lugha yake, na Mkongo wa Uvira au Kalemie anakuja na Kiswahili chake. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo imeingia mwaka 2022, kwa hiyo suala la data na hela kuvuka mpaka ni biashara ya kila siku hapa kabla ya kuwa mada ya kongamano.

Wanaopinga huanza na safari, na hawakosei. Mshiriki wa Nairobi au Kampala itambidi aunganishe ndege Dar. Treni ya reli ya zamani kutoka Dar huchukua karibu siku mbili. Vyumba vya hoteli vinavyoweza kupokea watu mia tano kwa wakati mmoja havipo, na vifaa vya ukalimani vitapandishwa ndege pamoja na wakalimani wenyewe. Umeme umetengemaa kuliko zamani tulipotegemea majenereta ya dizeli, lakini mkutano wenye washiriki wengine mtandaoni unahitaji njia mbili za intaneti zisizotegemeana, na hilo Dar unalipata kwa simu moja. Anayesema haya ni mambo madogo hajawahi kubeba lawama za washiriki waliokwama.

Viza ni somo lenye mfano wa karibuni. Mwaka 2023 RightsCon, mkutano wa kimataifa wa haki za kidijitali unaoandaliwa na shirika la Access Now, ulifanyika Costa Rica, nchi mpya kwao. Waandaaji walikuwa wamewaambia washiriki kwamba viza wataipata wakifika. Siku zilipokaribia mpango ukavunjika, na watu wengi, hasa kutoka Afrika na Asia, wakaachwa viwanjani au hawakutoka nyumbani kabisa. Shirika liliomba radhi. Kwa mtazamo wangu kosa hapo halikuwa la kuichagua Costa Rica. Lilikuwa la kutegemea ahadi ya serikali ambayo maofisa wa mpakani hawakuwa nayo mkononi. Kigoma tunajua vizuri umbali uliopo kati ya tamko la wizarani na karatasi aliyonayo ofisa wa kwenye kituo cha Manyovu.

Hayo yote bado yanatatulika kwa hela na muda. Kuna hoja nyingine ambayo haitatuliki hivyo, na ndiyo inayonisumbua: je, mkutano wa uhuru wa kidijitali ufanyike kwenye nchi inayoubana uhuru huo? Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mtu akisema hatakanyaga kwenye kongamano la intaneti katika nchi hiyo, huwezi kumwambia ana chuki.

Historia ina mifano ya pande zote mbili. Novemba 2005 Mkutano wa Kilele wa Dunia wa Jamii ya Habari ulifanyika Tunis, chini ya Rais Ben Ali. Rais wa Uswisi, Samuel Schmid, aliposimama kwenye ufunguzi akakemea nchi zinazowafunga raia kwa kukosoa serikali mtandaoni, televisheni ya taifa ikakata matangazo. Wageni walipewa ukumbi wa kifahari na wenyeji wakabaki na polisi wao. Wapo wanaosema mkutano ule ulimpa Ben Ali picha nzuri asiyoistahili. Wapo wanaosema dunia isingejua kiasi kile cha ukandamizaji kama waandishi wasingekuwa pale kuuona. Ben Ali alikimbia nchi Januari 2011, na mwaka 2019 RightsCon hiyohiyo ikafanyika Tunis. Sitasema kimoja kilizaa kingine, ila wanaharakati wa Tunisia waliokuwa wakifanya kazi peke yao walipata jamaa wa kuwapigia kelele.

Mfano wa Addis Ababa unanipa shida zaidi. Jukwaa la Utawala wa Intaneti la 2022 lilifanyika huko mwishoni mwa Novemba. Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, ilikuwa imekatiwa mawasiliano tangu vita ilipoanza Novemba 2020, na mkataba wa amani wa Pretoria ulikuwa na wiki chache tu tangu utiwe saini. Watu walikaa kujadili intaneti kwa wote, na ndani ya nchi hiyohiyo mamilioni walikuwa hawajaweza kupiga simu nyumbani kwa karibu miaka miwili. Kama mkutano haukuweza kuwafikia watu hao wala kuwasemea kwa sauti ya kutosha, kuwepo kwake Addis kulimsaidia nani?

Hapa ndipo hoja ya Kigoma inapogeuka na kuwa kali dhidi ya Kigoma yenyewe. Dar mtu anaweza kuingia hotelini kwenye kikao, akasema yanayomkera, akapotelea mjini. Kigoma Ujiji watu wanajuana. Mwalimu akisimama kueleza jinsi vijana wake walivyonyimwa namba ya NIDA, jioni yake ofisi zote zinajua ni mwalimu gani, wa shule gani. Wageni watapanda ndege Jumamosi, na Jumatatu mwalimu yupo kazini. Kwa wakimbizi ni zaidi: sera yetu inawataka wakae kambini na watoke kwa kibali, kwa hiyo hata mkutano ukifanyika saa chache kutoka Nyarugusu, huenda wasifike. Na wakifika, watasema mbele ya waliowapa kibali. Tunaposema tupeleke mkutano kwa wahusika, tujiulize wahusika wanabeba hatari gani ambayo sisi hatuibebi.

Hata hivyo siafiki kususia. Wanaosusia huwa ni wa nje, na anayepoteza ni wa ndani. Kijana wa Kasulu anayefundisha wenzake namna ya kulinda akaunti zao hatapewa viza ya Ulaya kirahisi, wala nauli ya Windhoek, jukwaa la CIPESA lilikofanyika mwaka 2025. Mlango wake wa kukutana na mtu wa Dakar au Nairobi anayefanya kazi kama yake ni mkutano kuja alipo.

Kuna pia suala la posho, ambalo wageni hulizungumza kwa minong'ono kana kwamba ni aibu yetu. Mwenye mshahara anayedai bahasha ya kukaa kwenye kiti simtetei. Lakini bodaboda, wakala wa miamala na mama dagaa wakikaa ukumbini siku mbili wamepoteza chakula cha siku mbili. Kuwalipa ni haki, tena kwa kiwango kinachotangazwa mapema na sawa kwa wote. Na kwa kuwa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, mfadhili aandike bajeti ya huku kwa shilingi tangu mwanzo, na kamati ya huku iwe na saini kwenye akaunti. Waandaaji wa nje wakishika hela yote, wenyeji hubaki kuwa watu wa kupokea wageni uwanjani na kubeba mabango.

Ningekuwa na kura, mkutano mkubwa wa mamia ya watu ningeuacha Dar, na kwa sababu ya usalama wa wasemaji kuliko ya vitanda. Kigoma ningeleta kikao cha siku mbili, miezi mitatu au minne kabla, cha watu wasiozidi mia kutoka nchi nne za ziwa, kwa Kiswahili, na wakalimani wa Kifaransa na Kirundi. Kikao hicho ndicho kiamue mada kuu za Dar na kichague watakaokwenda kuzisimamia. Wanaotaka kusema bila jina wasikilizwe faragha, na walichosema kipelekwe na mtu mwingine. Wenzangu watasema hiyo ni kutupa Kigoma makombo. Siwalaumu, kwa sababu vikao vya maandalizi vimezoeleka kupuuzwa. Ndiyo maana madaraka ya kupanga ratiba lazima yaandikwe kwenye makubaliano na waandaaji kabla ya mtu yeyote kukata tiketi.

Tarehe nayo isipangwe Nairobi wala Ulaya. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, kwa hiyo siku hizo ndizo za kuwapata. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, wakati wa kiangazi ambapo barabara za Kibondo na Kakonko zinapitika vizuri. Ikifungwa tena, wavuvi na wakina mama wa mwaloni watakuwa nchi kavu na nafasi ya kuja wanayo, ila mfukoni hawatakuwa na kitu. Bajeti ya nauli na posho yao ipitishwe kabla ya kulipia ukumbi.