Kuhama chuo Marekani: miguu inafika, krediti zinabaki njiani

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wanariadha wetu, kutoka Iten hadi Arusha, swali linaloulizwa sana kuhusu vyuo vya Marekani ni moja: nikifika nikashindwa kuelewana na kocha, naweza kuhama? Jibu la siku hizi ni ndiyo, tena bila kukaa nje ya mashindano msimu mzima. Lisiloulizwa ni hili: ukihama, masomo uliyokwisha kufaulu yatahama nawe? Hapo ndipo wengi wanaponasa. Na niseme mapema kwamba katika hili nyumbani tuna nafuu ambayo hatuioni, ingawa huku Marekani nako kuna mambo mawili matatu ambayo vyuo vyetu vingeweza kuyaiga hata kesho.

Kanuni za michezo zimelegea sana. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilifungua potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wanamichezo wanaotaka kuhama, Oktoba 2018. Aprili 2021 ikaruhusu wanamichezo wa michezo yote kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikazuia adhabu hiyo hata kwa anayehama mara ya pili, na Aprili 2024 NCAA yenyewe ikasalimu amri: hama utakavyo, mradi uwe umeondoka ukiwa na sifa za kimasomo, huna adhabu ya nidhamu, na huko uendako utimize kiwango cha maendeleo ya shahada kabla ya kushindana. Sharti hilo la mwisho halikupigiwa kelele. Zamani mhamaji alikuwa na mwaka mzima wa kukaa nje, na mwaka huo ulimpa nafasi ya kuziba mapengo ya masomo. Leo anafika Agosti na anatakiwa kukimbia Septemba.

Hesabu yenyewe kwa Divisheni I, ngazi ya juu ya NCAA, iko hivi. Kabla ya mwaka wa pili uwe na krediti 24 za semesta (krediti ni kipimo cha uzito wa somo; somo la kawaida huwa na 3). Kila mwaka wa kawaida, ukiondoa kiangazi, upate 18. Kila muhula ufaulu angalau 6. Ukianza mwaka wa tatu uwe umetimiza asilimia 40 ya shahada uliyoichagua, mwaka wa nne asilimia 60, wa tano 80. GPA, yaani wastani wa alama, nayo inapanda kwa ngazi: chuo kinachodai 2.0 ili kuhitimu, mwanamichezo anahitaji 1.8 kuingia mwaka wa pili, 1.9 wa tatu, na 2.0 kuanzia wa nne. Kwa shahada ya krediti 120, asilimia hizo ni 48, 72 na 96.

Asilimia ndiyo inayoua. Chukua mkimbiaji aliyemaliza miaka miwili akisoma sayansi ya mazoezi, ana krediti 66. Chuo anachohamia hakina fani hiyo, kwa hiyo anachagua biashara. Barua inamwambia krediti 62 zimepokelewa. Nne zimeanguka, tatu za somo alilopata D na moja ya mazoezi ya timu. Kijana anapiga simu nyumbani kwa furaha. Lakini kupokelewa maana yake zimeandikwa kwenye rekodi tu. Ofisi inayosimamia kanuni za NCAA inauliza swali jingine: ngapi kati ya hizo zinajaza nafasi ndani ya shahada ya biashara? Masomo ya jumla, yaani Kiingereza, hisabati, historia na sayansi ya msingi, yanampa 36. Zilizobaki 26 ni anatomia, biomekanika, lishe, huduma ya kwanza na ndugu zake. Shahada ya biashara ya chuo kile ina nafasi 6 tu za masomo ya hiari. Jumla 42. Alihitaji 48. Kwa krediti 6, yaani masomo mawili, ana sifa zote za kuwa mwanafunzi na hana ruhusa ya kukimbia.

Njia ya kawaida ya kujiokoa ni kiangazi. Krediti za kiangazi haziingii kwenye zile 18 za mwaka, ila zinaingia kwenye asilimia. Masharti yake ni kwamba masomo hayo yawe ndani ya shahada mpya, alama zifike kwa msajili kabla ya shindano la kwanza, na mtu awepo wa kulipia, kwa sababu ufadhili wa kiangazi haupatikani wenyewe. Njia nyingine ni kuchagua fani yenye nafasi nyingi za hiari. Vyuo vingi vina shahada za mseto ambazo washauri wa wanamichezo huzipenda kwa sababu zinameza karibu kila kitu. Kijana anakimbia, sawa. Akimaliza ana cheti ambacho itabidi akieleze kwa kila mwajiri. Kwa maoni yangu huo ni wizi wa taratibu, na unafanywa kwa nia njema.

Krediti hupotelea pengine pia. Vyuo vya robo mwaka, kama University of Oregon na UCLA, hesabu yao ni tofauti: krediti moja ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya semesta. Somo la krediti 4 linafika likiwa 2.67, na nafasi inadai 3. Wengine watakusamehe hiyo theluthi, wengine watakudai somo zima. Mbaya zaidi ni masomo ya mfululizo. Kalkulasi au kemia ya robo tatu ukiihama baada ya robo mbili, umesoma zaidi ya semesta moja na hujafika mbili. Mara nyingi utahesabiwa moja na kurudia vitu unavyovijua. Halafu kuna ngazi: somo la chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili, lina namba ya mwaka wa kwanza au wa pili, na halitajaza nafasi ya mwaka wa tatu hata kama kitabu ni kilekile. Na kuna sharti la kusoma kiasi fulani pale pale. Vyuo vya kusini vilivyo chini ya ithibati ya SACSCOC haviwezi kukupa shahada kama hujasomea kwao angalau robo ya krediti, na vingi nchini vinataka 30 za mwisho ziwe zao.

Sasa nyumbani. Kuhama chuo Tanzania au Kenya ni kazi. Tanzania uhamisho unapita kwa TCU, tume ya vyuo vikuu, katika dirisha lake, na mwenye mkopo wa serikali ana shughuli nyingine ya kuuhamisha huo mkopo. Kenya waliopangiwa na KUCCPS, chombo kinachogawa nafasi za vyuo, wana dirisha lao, na miongozo ya CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, inaweka kikomo cha asilimia 49 ya masomo ya msingi yanayoweza kuhamishwa. Lakini mwanariadha wa kwetu akikwama, amekwama kimasomo tu. Mbio zake ziko kwenye klabu, kwenye timu ya jeshi, polisi au magereza, au kambini. Hakuna msajili anayeweza kumvua namba kifuani kwa sababu somo la lishe halikuingia kwenye biashara. Huku shati la timu, bweni, chakula, ada na viza vyote vimeshonwa kwenye uzi mmoja, na uzi huo ni krediti.

Hilo la viza linasahauliwa. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, anatakiwa kusoma krediti 12 kila muhula wa kawaida, na ndani ya hizo 12 somo la mtandaoni linalohesabika ni moja tu. Mmarekani aliyepungukiwa anaweza kujaza muhula kwa masomo ya mtandaoni. Wewe huwezi, labda uyaongeze juu ya 12. Kiangazi kikiwa likizo yako uko huru zaidi, lakini kama kiangazi ndicho muhula wako wa kwanza katika chuo kipya, unadaiwa mzigo kamili. Rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ihamishwe kwa tarehe uliyokubaliana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Tarehe ikishapita, chuo cha zamani hakiwezi tena kuigusa, na chuo kipya ndicho kitakachokupa I-20, hati inayothibitisha nafasi yako chuoni kwa ajili ya viza. Kwa hiyo usikubali rekodi iachiliwe kabla hujaona hesabu ya krediti kwa maandishi.

Hapo kuna mtego wa kanuni yenyewe. Chuo kingine hakiruhusiwi kuzungumza nawe kabla jina lako halijaingia kwenye potali. Ukiomba, chuo chako kina siku mbili za kazi kuliingiza, na tangu hapo kinaweza kuondoa ufadhili wako mwisho wa muhula. Maana yake unaombwa kuruka kabla hujaonyeshwa pa kutua. Dawa ni kufanya hesabu mwenyewe kwa vitu vilivyo wazi. Vyuo vingi vina majedwali ya ulinganifu kwenye tovuti zao. Tovuti ya Transferology inalinganisha masomo ya vyuo vingi. California ina tovuti yake ya namna hiyo, ASSIST, na Texas na Florida zina mifumo ya namba za masomo inayofanana katika vyuo vya umma vya jimbo. Chukua mpango wa shahada unayoitaka, mstari kwa mstari, weka somo lako mbele ya kila nafasi, na kila usichokuwa na uhakika nacho kihesabu sifuri. Ukipata chini ya asilimia inayotakiwa, unajua kabla ya kuingia potalini kwamba utahitaji kiangazi. Ukiisha kuingia na makocha wakaanza kupiga, usiulize "krediti zangu mtazipokea?" Uliza: kwa shahada hii, asilimia yangu ni ngapi, na nani ameisaini? Kocha hana mamlaka ya kujibu hilo. Linajibiwa na msajili na idara.

Hapa ndipo napowasifu Wamarekani. Majedwali hayo yapo, yako wazi, na mtu aliye Eldoret anaweza kuyasoma usiku kwa simu. Jaribu kinyume chake. Mwanafunzi wa kwetu aliyesoma mwaka mmoja kisha akapata ufadhili huku anaombwa maelezo ya kila somo: mada, saa, vitabu, namna ya kutahini. Mara nyingi maelezo hayo yako kwenye faili la idara, na mtu wa familia inabidi aende ofisini kuyaombea muhuri. Bila hayo, somo lake linaandikwa kuwa la hiari lisilo na jina, na tumeona masomo ya hiari yanakoishia. Mwaka wa krediti 120 za TCU, ambapo krediti moja ni saa 10 za kujifunza, unaweza kulinganishwa na mwaka wa krediti 30 za huku, lakini mtathmini hawezi kubuni yaliyofundishwa. Jambo moja kwa waliosoma kidato cha sita: baadhi ya vyuo hutoa krediti kwa matokeo ya ACSEE (Tanzania) au UACE (Uganda). Ukihama, chuo cha pili hakifuati uamuzi wa cha kwanza. Kinataka matokeo yenyewe kutoka kwa baraza la mitihani na kinaamua upya. Zile krediti 15 ulizozizoea zinaweza kuwa 6.

Wakenya wengi huanzia vyuo vya jamii. Wesley Kiptoo alipita Colby, Kansas, kabla ya Iowa State, akashinda mita 5,000 za ndani za NCAA mwaka 2021. Njia hiyo inafanya kazi, ila kwa aliyeshindwa vigezo vya Divisheni I kutoka sekondari ina masharti yake: amalize diploma ya miaka miwili, akae angalau mihula mitatu, awe na krediti 48 zinazohamishika, ndani yake 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi, na GPA ya 2.5. Krediti za michezo zinazoweza kuhesabika ni 2 tu. Wanaoanguka huangukia hisabati, kwa sababu masomo ya maandalizi hayahamishiki na mwaka unaisha kabla hawajafika kwenye lile linalohesabika. Anza hisabati muhula wa kwanza.

Na kwa mnaosubiri viza huku mmejisajili chuo nyumbani ili msikae bure: saa ya miaka mitano ya Divisheni I, yaani muda unaoruhusiwa kushindana, huanza siku ya kwanza ya masomo ukiwa mwanafunzi wa muda kamili katika chuo chochote duniani, UDSM na Moi vikiwemo, na haisimami. Kanuni hii imekuwa ikijadiliwa upya, kwa hiyo soma toleo la mwaka wako. Kusoma masomo machache yasiyotimiza mzigo kamili hakuianzishi, ingawa ukiendelea kushiriki mashindano rasmi baada ya muda wa neema unaotolewa ukimaliza sekondari kupita unaweza kupoteza msimu kwa njia nyingine. Divisheni II, ngazi ya pili ya NCAA, inahesabu mihula uliyosoma, semesta 10, si kalenda. Kwa mtu wa miaka 22 aliyekwisha soma Maseno miaka miwili, hiyo ndiyo simu ya kwanza ya kupiga.