Pleibeki ya Mayday: mstari ulionyooka unathibitisha nini?

Novemba 2023 Mayday, bendi ya roki inayojaza viwanja kuliko yoyote ya Taiwan, ilipiga maonyesho 8 mjini Shanghai. Baadaye mchambuzi mmoja wa mtandaoni alipima kwa programu, inayoichora sauti kama mstari unaopanda na kushuka, nyimbo 12 zilizorekodiwa na watazamaji, akadai kwamba zisizopungua 5 mwimbaji Ashin alifuatisha mdomo tu. Kampuni yao, B'in Music, ilikana katakata. Kwa kuwa China inakataza kumhadaa mtazamaji kwa pleibeki, yaani kujifanya unaimba huku rekodi ikicheza, mamlaka za Shanghai ziliingia kuchunguza. Siasa za China na Taiwan zikajipenyeza humo humo, lakini swali la muziki lina uzito wake.

Mayday ni watu watano: mwimbaji, magitaa mawili, besi na dramu. Mpiga kinanda hayumo. Vinanda na fidla za kwenye albamu lazima zitoke kwa wanamuziki wa kukodi au kwenye kompyuta. (Sodagreen, bendi nyingine ya Taiwan iliyoanzia Chuo Kikuu cha Taifa cha Chengchi mwaka 2001, ina mpiga viola na kinanda wake yenyewe.) Bendi inayotumia kompyuta hupeleka mlio wa tik-tik sikioni mwa mpiga dramu, na traki za ala, yaani sehemu zilizorekodiwa, kwa fundi sauti. Dramu ikiteleza, traki haisubiri. Fidla zinatangulia na bendi nzima inasikika imelewa.

Sioni kosa hapo. Uwanjani, sauti inayogonga majukwaa ya watazamaji umbali wa meta 50 na kurudi inachelewa karibu sekunde 0.3. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya nusu ya pigo. Mwimbaji asiyevaa visikilizio masikioni ataufuata mwangwi na kupotea.

Sauti ya mwimbaji ni jambo jingine. Hoja ya mchambuzi ilikuwa kwamba sauti ya binadamu huyumba: huanza chini kidogo ya nota ndipo ipande, na mwisho wa ubeti pumzi ikiisha inashuka. Ya studio hunyooshwa. Ni kweli, ila kuna mitambo inayonyoosha nota papo hapo maiki ikiwa wazi, na baadhi ya bendi huweka sauti iliyorekodiwa chini ya ile ya laivu ili kuinenepesha. Simu ya mtazamaji inazichanganya zote pamoja na mwangwi na kelele za mashabiki. Kwa hiyo mstari ulionyooka pekee haumtii mtu hatiani. Kipimo ninachokiamini ni wimbo mmoja wa siku mbili, rekodi juu ya rekodi. Ala za kompyuta zitalingana, na si ajabu. Lakini pumzi na kila "s" zikilingana pia, hiyo ni rekodi, kwa sababu hakuna koo linalojirudia hivyo.

Wanaotetea pleibeki wanataja koo lililochoka, na maonyesho 8 kweli yanachosha. Ila aliyelipa kiingilio alikuja kuisikia sauti hiyo hata ikikwaruza, na dawa ipo: kuushusha wimbo nusu toni, hatua moja ndogo ya kinanda. Magitaa yatalegezwa nyuzi na traki za fidla zitatengenezwa upya kabla ya ziara, na ni wachache mno uwanjani watakaotambua.