Ati ni homoni tu? Chupa ya mama mdogo na kelele za kotisoli

Mama mdogo hapa Mbarara, Uganda, amenunua chupa ya vidonge vya majani, shilingi elfu sitini na tano, ati vinashusha kotisoli, ile homoni ya stresi, na wala si vya kwake, ni vya kijana wake aliyeko S6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Kijana anasoma mpaka saa saba usiku, halafu kwenye pepa ya moko, mtihani wa majaribio, ya bayolojia kichwa kikawa tupu kabisa, akaandika jina na vitu viwili vitatu, alipotoka nje hata getini hajafika jibu lote likarudi kama limetumwa. Muuzaji akamwambia mama yake hiyo ni kotisoli, inakula ubongo. Mzee wa nyumba naye kacheka, hakuna cha kotisoli hapo, ni simu na uvivu, sisi tulisoma na tadoba na hatukujua homoni ni mnyama gani. Mimi ndo nikawekwa katikati kwa vile nilisoma sayansi kidogo, na ukweli kila mmoja ana kitu na kila mmoja ameteleza mahali.

Tuanze na upande wa muuzaji, maana hakutunga kila kitu. Boda ikikukosakosa barabarani, adrenalini inamwagika ndani ya sekunde, moyo unapiga, mikono inatetemeka. Kotisoli inakuja nyuma pole pole: hipothalamasi kule ndani ya ubongo inatuma ujumbe kwa tezi ya pituitari, pituitari inatuma kwa tezi za adrenali zinazokaa juu ya figo, na kotisoli yenyewe inafika kileleni dakika kama 20 hadi 30 baada ya mshtuko. Kwa hiyo hata hii tunayoiita homoni ya ubongo haitengenezwi kwenye ubongo, ubongo unaagiza tu, ila ikishatoka inarudi kichwani na kufanya kazi huko huko.

Na kweli inaweza kuziba kumbukumbu. Mwaka 2000 kule Zurich, Uswisi, mtafiti Dominique de Quervain na wenzake waliwapa watu maneno ya kukariri, kesho yake wakawapa kidonge cha kotisoni, dawa inayogeuka kotisoli mwilini, saa moja kabla ya kuulizwa, na watu wakakumbuka maneno machache kuliko wale waliopewa kidonge bandia. Si ndo yale ya kijana wetu! Pepa imeanza, presha imepanda, kitu kimo kichwani lakini mlango umefungwa, ukitoka nje presha ikishuka mlango unafunguka. Kwa hiyo mzee akisema ni uvivu anamwonea mtoto, mvivu hana kitu cha kurudi akifika getini.

Lakini subiri, kwenye utafiti huo huo wale waliomeza kidonge kabla ya kukariri, au mara tu baada ya kukariri, hawakuharibikiwa kitu. Na utafiti mwingine unaonyesha hizi homoni za stresi ndo zinazopigilia misumari kumbukumbu za mambo mazito. Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao kule California waliwasimulia watu hadithi yenye ajali ya mtoto katikati, wengine walikuwa wamemeza propranololi, dawa ile ile wazee wetu wanapewa kwa presha, ambayo inazuia kazi ya adrenalini. Baadaye wale wa dawa waliikumbuka sehemu ya ajali kawaida tu, ila wasiokunywa dawa ile sehemu iliwakaa kichwani kuliko zingine. Mimi mwenyewe sikumbuki nilikula nini Jumanne iliyopita, ila siku taksi yetu ilipoacha barabara miaka kadhaa nyuma naweza kukwambia hata kondakta alivaa shati gani. Sasa homoni hizi hizi za stresi zinakusaidia kuhifadhi halafu zinakuzuia kutoa, mtu anakuuzia vipi chupa na kusema kotisoli ni mbaya, ishushe? Ishushe saa ngapi? Kwa kawaida asubuhi inapanda ndani ya dakika 30 mpaka 45 tangu uamke, usiku wa manane iko chini, na wagonjwa wa Addison ambao adrenali zao zimegoma wanalegea, presha inaanguka, bila dawa za kuijazia wanaweza kufa.

Hilo la kula ubongo nalo lina mzizi. Kuna ugonjwa wa Cushing, kotisoli inakaa juu muda mrefu sana, na sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo kumbukumbu inaitegemea, imeonekana kupungua ukubwa, halafu ikarudi kiasi baada ya matibabu. Lakini huo ni ugonjwa, wiki tatu za mtihani ni kitu kingine.

Upande wa pili wa kelele ni oksitosini, hii ndo watu wanaweka kwenye status, homoni ya mapenzi. Wakunga wetu wanaijua zamani, ile sindano anayopigwa mama akishajifungua ili asimwage damu, inatunzwa kwenye friji. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akapata Nobel mwaka 1955. Halafu mwaka 2005, huko huko Zurich, watu wakapuliziwa oksitosini puani, wakacheza mchezo wa pesa, wakaonekana kuwaamini wengine zaidi, dunia ikapiga makofi. Mwaka 2020 wengine wakarudia na watu wengi zaidi, ile imani haikuonekana tena. Kule Uholanzi nako walikuta kinachoongezeka ni wema kwa watu wa kundi lako, siyo kwa kila mtu, na anayetishia kundi lako ndo anakiona. Hiyo haikunishangaza, mama mwenye mtoto mchanga ana upendo wote wa dunia lakini jaribu kumsogelea vibaya.

Hata panya wa porini wa Marekani waliojulikana kwa kuishi na mwenzi mmoja, ambao kila anayezungumzia oksitosini lazima awataje, mwaka 2023 wanasayansi waliwatoa vipokezi vya oksitosini, yaani milango ya seli inayoipokea hiyo homoni, kwa kubadili jeni zao za urithi, na bado wakashikamana na wenzi wao. Haina maana homoni haina kazi, ina maana mwili una njia zaidi ya moja, na sisi tulikimbilia jibu jepesi.

Lakini kinachonigusa zaidi kiko karibu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapo Isingiro, ambako ukitembea sokoni Kiswahili cha Wakongo ndo kinakupeleka. De Quervain yule yule na wenzake waliandika mwaka 2007 kuhusu wakimbizi wa Rwanda wa hapo: wenye aina fulani ya jeni inayohusu kipokezi cha noradrenalini, ndugu yake adrenalini, walikuwa na kumbukumbu za mateso zinazowarudia kwa nguvu zaidi. Hapo upande wa homoni unapata pointi, mwili una sauti yake na watu hatukuumbwa sawa. Ila tafiti za Nakivale hiyo hiyo zilionyesha pia kwamba mtu akizidi kupitia aina nyingi za mateso, ule ugonjwa wa akili unaoletwa na mateso (PTSD) unazidi, mpaka inafika mahali karibu kila mtu anaupata. Mzigo ukiwa mkubwa hivyo hakuna mwili unaokutetea. Na mwaka 2008 ikatoka ripoti ya majaribio na wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, washauri walikuwa watu wa kambini hapo hapo waliofundishwa tu, si madaktari, wakakaa na wenzao kusimulia yaliyowapata hatua kwa hatua, na waliopata mazungumzo walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu bila kitu. Hakuna kidonge cha kotisoli hapo. Ukisema ni homoni tu, hao utawaeleza vipi? Na ukisema homoni ni hadithi za wazungu, zile kumbukumbu zinazomwamsha mtu usiku anatoa jasho utaziitaje?

Kwa hiyo nilimwambia mama mdogo hivi, homoni ni tarishi, barua inaandikwa na maisha, na kijana barua zake zinaandikwa na usiku bila usingizi na baba anayemwita mvivu mbele ya wageni. Sikumwambia hilo la baba kwa sauti, nilisubiri mzee atoke kwanza. Tukakubaliana kijana alale saa nne, na Jumamosi nimtungie pepa ya majaribio kwa saa, mezani, kimya, ili ule mlango azoee kuufungua presha ikiwepo. Mama mdogo ameuliza kama chupa inaweza kurudishwa dukani. Muuzaji amekataa, ati imeshafunguliwa.